Watu Wasigeuke Wafu: Kuhusu Ubora wa Vitabu Tunavyoskani

Juzi usiku, katika baridi hii ya Julai ambayo sisi wa Iringa huwatahadharisha wageni wetu mapema, nilipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa kijana wa kidato cha nne asiyeona, mmoja wa wanaosoma vitabu ambavyo kikundi chetu huviskani kwa kujitolea. Aliniamkia, “Shikamoo mwalimu,” kisha akauliza kwa upole ni kwa nini kitabu cha historia tulichompa kinasema kwamba wafu wa kijijini walikusanyika kumsikiliza mtwa, yaani mtawala wa Wahehe. Nilifungua picha ya ukurasa huo nikakuta neno lililochapwa ni “watu”. Wino wa herufi t ulikuwa umefifia, programu ya kutambua herufi ikaisoma kuwa f, nami niliyelipitisha faili hilo kwenye kikagua tahajia sikuonyeshwa kosa lolote, kwa kuwa “wafu” ni neno halali la Kiswahili.

Makosa yanayopiga kelele hayanisumbui sana. Neno “kuku” likitokea limeandikwa “knku”, msikilizaji hushtuka, hukisia, huendelea. Yanayonisumbua ni yale yanayovaa nguo za maneno halali. Herufi h na b hubadilishana mara kwa mara katika karatasi chakavu, na ndiyo maana niliwahi kukuta sentensi iliyoanza “Bata mtoto mdogo anajua” mahali ambapo mwandishi aliandika “Hata mtoto mdogo anajua”. Tulicheka, nakiri, lakini msomaji asiyeona hana picha ya ukurasa ya kurejea. Kwake yeye faili letu ndilo kitabu chenyewe, na bata huyo atabaki humo mpaka mtu mwenye macho aende kumtoa.

Tulipoanza kazi hii tulijiwekea kiwango cha asilimia 99 ya herufi sahihi, tukadhani tumejibana vya kutosha. Hesabu ndiyo iliyotuumbua. Ukurasa wenye herufi 1,800 ukiwa sahihi kwa asilimia 99 unabaki na makosa 18, na kitabu cha kurasa 200 kinabaki na makosa 3,600. Zaidi ya hapo, asilimia haijui uzito wa kosa: nukta iliyopotea mwishoni mwa sentensi na tarakimu iliyobadilika katika mwaka huhesabiwa sawasawa. Katika kitabu hichohicho cha historia nilikuta mwaka wa kuanguka kwa ngome ya Kalenga, yaani 1894, umekuwa 1891. Kila aliyesoma historia ya Wahehe anajua kwamba 1891 ni mwaka wa Lugalo, ambapo Mkwawa aliwashinda Wajerumani. Kwa hiyo tarakimu moja tu ingemfanya kijana wetu aandike katika mtihani kwamba mshindi alipoteza ngome yake mwaka uleule wa ushindi. Hakuna programu ambayo ingemzuia, kwa sababu 1891 haina kosa la tahajia. Majina nayo yana balaa lake. Jina Mkwavinyika, ambalo ndilo jina refu la Mkwawa, lilitujia kwa sura nne tofauti ndani ya sura moja ya kitabu, na msomaji angeweza kudhani ni watu wanne. Siku hizi miaka, majina na takwimu zote tunazihakiki wawili wawili, mmoja akisoma picha kwa sauti na mwingine akifuata kwenye faili. Ni kazi ya kuchosha, na baadhi ya wenzetu wametukimbia kwa sababu yake.

Kiswahili kina mitego yake pia. Programu ikiachwa katika mpangilio wa Kiingereza, hujaribu “kutusahihisha” kwa kamusi isiyo yetu, na “kama” ikageuka “karma”. Kibainishi cha ng’ ndicho kinachoonewa kuliko alama nyingine zote: “ng’ombe” hutoka ikiwa na nyota katikati au hukatwa vipande viwili. Anayesikiliza kwa sauti ya kompyuta anaweza kuvumilia, lakini faili hilohilo likipelekwa kwenye mashine ya kuchapa nukta nundu, kidole hukutana na alama ambayo haina maana yoyote katika neno lile.

Kuna mambo ambayo mwenye macho huyaruka bila kujua kwamba ameyaruka. Jina la kitabu linalochapwa juu ya kila ukurasa lisipoondolewa, programu ya kusoma skrini hulitamka katikati ya sentensi inayovuka kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine. Kistari cha mwisho wa mstari hukata “wanafunzi” kuwa viumbe wawili. Vichwa vya sura visipowekewa alama ya kichwa, anayetumia NVDA, mojawapo ya programu za kusoma skrini, hawezi kubonyeza H na kurukia sura ya saba. Itambidi asikilize sita za mwanzo. Namba za kurasa, kinyume chake, tusiziondoe kamwe, maana mwalimu darasani atasema “fungueni ukurasa wa 47”, na asiyeona anastahili kufungua pamoja na wenzake.

Mengi ya haya huzaliwa kabla kompyuta haijawashwa. Wapo wanaotuletea nakala ya nakala, iliyotolewa steshenari jirani na chuo, ikiwa na kivuli cheusi katikati kilichomeza maneno ya karibu na mshono. Hizo tunazikataa, japo kwa adabu. Tunaskani kutoka kwenye kitabu chenyewe kwa nukta 300 kwa inchi, au 400 kama maandishi ni madogo, na kwa karatasi nyembamba za zamani tunaweka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa ili maandishi ya upande wa pili yasijitokeze.

Najua hoja ya wanaotuona tunajitesa: kwamba kitabu chenye makosa ni bora kuliko kukosa kitabu. Mimi ninaikubali kwa sehemu kubwa. Bookshare, maktaba iliyoanzishwa Marekani mwaka 2002 na ambayo mwanzoni ilitegemea sana vitabu vilivyoskaniwa na watu wa kujitolea, ilivipa vitabu madaraja ya ubora, na msomaji alijua anachokipakua kabla hajakifungua. Huo ndio uungwana ninaoutaka. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020, umelegeza kamba za hakimiliki ili vitabu viweze kutayarishwa kwa ajili ya wasioona. Lakini ruhusa ya kutengeneza nakala haijamwambia mtu yeyote nakala hiyo iweje. Riwaya yenye makosa mawili kwa ukurasa nitaitoa, nikaiandikia hivyo mwanzoni. Kitabu cha hisabati chenye makosa hayohayo sitakitoa. Na ukurasa uliokosekana kimyakimya, hata mmoja, kwangu ni kosa zito kuliko yote, kwa sababu msomaji hana njia ya kujua kwamba kuna kitu hakupewa.

Kitabu cha wafu na mtwa nimekirudisha kwenye meza ya uhakiki, na tayari kimetufichulia aibu nyingine: kurasa za 112 na 113 zilichanwa zamani katika nakala yetu. Mwenzetu wa Uyole, Mbeya, amepata nakala nyingine na ametutumia picha za kurasa hizo, ila toleo lake ni la baadaye na maneno yaleyale yamo katika ukurasa wa 118. Tumeamua kuyaingiza chini ya namba za toleo letu na kuandika mwanzoni mwa faili yalikotoka. Nimemjulisha kijana, naye amejibu kwamba atangoja hadi Jumamosi, mradi wafu wawe wamefufuka.