Mafundo 21,600: nilivyofuma zulia langu la kwanza

Zulia langu la kwanza nililifumua. Nilikuwa nimefika robo ya kazi, kingo zimeingia ndani kama kiuno cha nyigu, nyuzi nyingine zimekaza na nyingine zimelegea. Nikakata zote, nikabaki na fremu tupu ya mbao, na kwa wiki mbili sikuigusa.

Kilichonirudisha ni kusoma habari za zulia la Pazyryk. Lilifukuliwa mwaka 1949 na mwanaakiolojia Sergei Rudenko katika milima ya Altai, Siberia, ndani ya kaburi ambalo maji yaliingia yakaganda. Barafu hiyo ndiyo iliyoihifadhi sufu kwa zaidi ya miaka 2,000. Lina ukubwa wa sentimita 183 kwa 200, limezungukwa na safu za kulungu na wapanda farasi, na kila desimita moja ya mraba (sentimita 10 kwa 10) ina takriban mafundo 3,600. Nilipiga hesabu ya zulia nililokusudia kufuma: mafundo 900 kwa eneo lilelile. Watu wa zama zile walifuma mara nne ya nilichoshindwa mimi, tena hawakuwa wanaanza. Kazi safi namna ile haitoki kwa watu wanaojaribu. Nilitaka kujua walijua nini.

Jibu lilikuwa kwenye mtande, yaani kutanda nyuzi za wima kwenye fremu kabla ya kufuma, kazi ambayo mara ya kwanza niliimaliza harakaharaka ili nifike kwenye rangi. Safari hii nilitumia jioni mbili nzima kuutanda. Nilichagua uzi mzito wa pamba, kwa sababu ule wa sufu niliotumia mwanzo ulikuwa ukinyumbuka. Nyuzi 240 kwa upana wa sentimita 40. Kila nilipomaliza kumi nilizigusa kwa kidole kama mpiga udi anayelinganisha sauti. Uliotoa mlio mzito niliukaza upya.

Fundo lenyewe si gumu. Nililitumia lile lile la Pazyryk, ambalo wengi huliita fundo la Kituruki: uzi wa sufu unazunguka nyuzi mbili za mtande, kisha ncha zote mbili zinatokea katikati yake. Fundo la Kiajemi huzunguka uzi mmoja kikamilifu na kupita tu nyuma ya wa pili, ndiyo maana hubana zaidi na kuchora maua yenye mikunjo midogo. Kila safu ikiisha, unapitisha mshindio, ule uzi unaokingama kati ya nyuzi za mtande, mara mbili, unaupiga kwa chanuo zito. Hapo ndipo kiuno cha nyigu kilipopona: usiuvute mshindio ukanyooka. Uache umepinda kama upinde, halafu upige. Ule urefu wa ziada ndio unaozuia kingo zisivutwe ndani.

Safu moja ilikuwa na mafundo 120, na ilinichukua dakika 40. Safu zilikuwa 180. Usiku nilipochoka nililiwaza zulia la Kiajemi la Ardabil lililoko London, lenye mafundo yapatayo milioni 26. Limeandikwa mwaka 946 wa Hijria, yaani 1539 au 1540, pamoja na jina la Maqsud wa Kashan. Jina moja tu, na vidole vingapi vilivyofunga mafundo yale!

Nyuzi za buluu nilizitia rangi mwenyewe kwa nili. Ukiutoa uzi ndani ya chombo ni wa kijani cha manjano, kisha hewa inaupiga na buluu inatokea mbele ya macho yako, sijachoka kuitazama. Zilipoisha nikatia nyingine, zikatoka nyepesi kidogo. Nilihuzunika sana, mpaka nilipojifunza kwamba wafumaji wa Uajemi wana jina la mabadiliko hayo, abrash, na wapenzi wengi wa mazulia huyatafuta. Nikaendelea kufunga. Sasa uwanja wa katikati una buluu mbili, na ninaipenda zaidi ile nyepesi.

Nililikata kutoka kwenye fremu usiku wa 83, nikafunga matamvua, nikapunguza manyoya kwa mkasi mpaka michoro ikatokea safi. Kisha nikachukua utepe wa kupimia. Chini sentimita 40. Katikati 39. Juu 39 na nusu.