Nusu siku Cousin

Nilipomuaga bibi yangu kwamba nakwenda Shelisheli, aliniambia nisirudi mikono mitupu, walau moja la kupika kwa tui. Kwake shelisheli ni la kuliwa, habari za nchi zimekuja baadaye.

Nilikuwa nakwenda kumtazama binamu yangu, mtoto wa ami, mpishi wa hoteli kisiwani Praslin. Siku yake ya mapumziko ilipofika akaniambia, "Kaka, leo nakupeleka kwa binamu mwingine." Upande wa magharibi wa Praslin kuna visiwa viwili vidogo vinavyotazamana: Cousin na Cousine, kwa Kifaransa binamu wa kiume na binamu wa kike. Tulikuwa tunakwenda kwa huyo wa kiume, kisiwa cha ndege.

Lazima niseme kwamba kazi yangu mimi mwenyewe ni kupeleka wageni visiwani, Unguja. Changuu naijua kwa miguu. Kwa hiyo nilikwenda na jicho la mtu wa kazi, na kiburi kidogo cha mtu wa kazi.

Kiburi kilianza kupungua baharini. Ilikuwa Julai, kusi limeshika, na boti ya fiberi ilikuwa inapigwa ubavuni kila wimbi. Mimi ninayewachekea wageni wakitapika njiani niliushika ukingo wa boti kwa mikono miwili na sikuzungumza na mtu.

Tulipokaribia, nahodha akapunguza mashine, akasimama mbali na ufuo. Tukangoja. Ikaja boti nyingine kutoka kisiwani, tukahamishwa mmoja mmoja, huku boti zote mbili zikipanda na kushuka. Nikamnong'oneza binamu kwamba huu ni ujanja wa kutoza nauli mara mbili. "Panya," akanijibu. Boti ya nje hairuhusiwi kugusa ule ufuo. Kisiwa hakina panya wala paka, na panya jike mmoja mwenye mimba, akitoka ndani ya kamba au sanduku la chakula, anatosha kumaliza mayai ya ndege wanaotaga chini.

Baadhi ya ndege wa pale wanataga chini. Lakini hilo nililiona baadaye. Kwanza ilikuwa kushuka. Baharia akatuambia tushike vizuri, akasubiri wimbi, kisha akakanyaga mafuta moja kwa moja kuelekea mchangani. Nilifumba macho. Boti ilipanda pwani kama mtu anayeingia mlangoni bila kubisha, ikasimama kavu, sisi tumelaliana. Kwa maji ya kusi sioni namna nyingine, ila siwezi kumwambia mwenye boti yangu nyumbani kwamba nimeona jambo hilo.

Mlinzi wa kisiwa akatuamkia kwa Kikrioli, "Bonzour," halafu akaendelea kwa Kiingereza. Alitutaka tukung'ute viatu na tufungue mifuko. Mkoba wangu aliukagua mpaka kwenye mkanda, na hapo, katika ule mshono mnene, akachomoa kwa ukucha vijiti viwili vyeusi vyenye meno nchani. Kishonanguo! Sijui nilikitoa shamba gani. Kimepanda ndege na mimi, kimevuka bahari, kimepita forodha mbili bila kuulizwa, kikakamatwa na kijana aliyevaa kaptula. Akavitia katika kichupa na kufunga kifuniko. Hakunigombeza, na kwa kweli ningependa angenigombeza.

Tulikuwa watu kumi na wawili, tukaenda kwa mstari. Nje ya njia hairuhusiwi kukanyaga, kwa sababu chini ya udongo mna mashimo ya ndege wa baharini waitwao fouke, na mguu wa mtu mzima unaweza kuporomosha nyumba na mtoto ndani. Hatua kumi tu kutoka ufuoni mbu wakatupokea. Nimekulia Unguja, mbu ninawajua, lakini wale wa Cousin wanauma kupitia shati.

Kisha mlinzi akasimama, akaonyesha kidole kwenye shina la mti. Kati ya mizizi miwili alikuwa amelala ndege mweupe, mstari mweusi umepita jichoni kama wanja, mkia mrefu mwembamba umejikunja nyuma kwenye jiwe. Wanamwita payanke. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona kifua kikipanda na kushuka. Hakuruka. Aligeuza kichwa akanitazama, kisha akaangalia pengine, kama mtu aliyeona kwamba aliyeingia si mgeni wake. Maisha yake hajawahi kufukuzwa na kitu chenye miguu, basi aogope nini?

Mbele kidogo kulikuwa na golan, membe mweupe kabisa, ambaye hajengi kiota. Yai lake moja limewekwa juu ya tawi tupu, penye kibonde kidogo, basi. Kusi linapiga, tawi linayumba, yai lipo. Juu ya miti mikubwa waiitayo bwa mapou walijaa kelek, wadogo weusi wenye paji jeupe, viota vyao vya majani makavu vimeshonana kama nyumba za Ng'ambo kule mjini Unguja. Harufu ni ya banda la kuku lisilofagiliwa. Binamu alipata kinyesi begani mapema. Wengine tulipata baadaye. Mbegu za mti huo zina ulimbo, mlinzi alisema, na ndege ambaye mbawa zake zimenaswa na nyingi hawezi tena kuruka, hufia chini. Mwingereza mmoja akauliza kwa nini wasiikate. Mlinzi akacheka, akasema mti na ndege wanajuana zamani kuliko yeye.

Kuhusu kukata, kulikuwa na habari nyingine. Zamani kisiwa chote kilikuwa shamba la minazi. Kichakani kilibaki kidege kidogo cha rangi ya majani makavu, timerl dezil, na ilipofika 1968 walikuwa hawazidi thelathini duniani, wote hapa. Mwaka huo shirika la kimataifa la kuhifadhi ndege likakinunua kisiwa. Hawakuwaweka ndege tunduni kuwazalisha. Waling'oa miche ya minazi, wakauacha msitu wa asili urudi. Kidege kikaongezeka mpaka kikahamishiwa visiwa vingine: Aride mwaka 1988, Cousine 1990, na baadaye Denis na Frégate. Leo ni maelfu. Tulimsikia kwanza, filimbi nzito kuliko mwili wake, ndipo akatokea, anapekua chini ya jani akitafuta wadudu. Mabinti zao mara nyingi hawaondoki haraka nyumbani, hubaki wakisaidia kulea wadogo zao. Binamu akasema, "Kama kwetu."

Ng'amba sikubahatika kumwona. Msimu wao ni kuanzia Oktoba mpaka Januari hivi, na huku hupanda kutaga mchana kweupe. Hilo sitalisahau kulionea wivu.

Nilimkuta kobe mkubwa amelala katikati ya njia, tukamzunguka. Nikamwambia mlinzi kwamba wale kobe wa Changuu, mababu zao wanne wa kwanza walitoka Aldabra, zawadi ya gavana wa Shelisheli, mwaka 1919. Akafurahi kweli. "Wanakula nini siku hizi?" Nikamwambia mchicha, wageni huwalisha kwa mkono na kupiga picha. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu kwamba wake wanajitafutia.

Kabla ya saa saba tulikuwa tumeondolewa. Wageni ni siku za kazi tu, asubuhi tu, hakuna mgahawa wala pa kulala. Boti ikasukumwa majini na watu wanne, na tukarudi Praslin tukijikuna.

Bibi nilimpelekea shelisheli la kukaanga, vipakiti viwili vya dukani. Alikionja kimoja, akauliza tui liko wapi.