Nilivyompeleka mwanangu chanjo ya surua nyumba nzima ikiwa imekataa

Aprili 2020 mwanangu wa pili alitimiza miezi tisa, umri wa chanjo ya surua-rubela, na nyumba nzima ikanikatalia. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi 17, kila mtu yuko sebuleni na simu yake, na kwenye magrupu ya WhatsApp inazunguka klipu ya Ufaransa: daktari wa Paris anauliza kwenye televisheni kama majaribio ya BCG, chanjo ya kifua kikuu, dhidi ya korona yasifanyike Afrika. Maneno ya dharau, nami yaliniudhi. Tedros, mkuu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), aliyalaani, daktari mwenyewe akaomba radhi. Lakini yalipotufikia Mbagala, Dar es Salaam, yalishageuka: "Msipeleke watoto kliniki, sindano zote sasa ni za majaribio."

Aliyeumia zaidi ni binti yangu wa miaka saba. Zile voisi zinachezwa kwa sauti ya juu, yeye yuko chini anachora. Akaanza kuamka usiku na kuniuliza, "Mama, mtoto wakimchoma atakufa?" Jamani, watoto wanasikia yote.

Nilianza kwa maelezo, kwamba surua ni surua na korona ni korona. Kila nikitoa hoja, wifi yangu ananichezea voisi nyingine ya "daktari" asiye na jina. Kubishana na simu hakuna mwisho.

Jioni moja baada ya kula nikapandisha mkono wa gauni, nikawaonyesha kovu langu la begani. Nikamwambia wifi naye aonyeshe. Analo. Mume wangu analo. "Wifi, hiyo ndiyo BCG inayosemwa kwenye klipu. Ulichomwa ukiwa mchanga, ya kifua kikuu, na leo una watoto watatu." Mama mkwe akavuta kanga, akatoa bega lake mwenyewe bila kuombwa. La kwake ni pana, limebonyea. "Hili la ndui," akasema. Nikamuuliza, "Na ndui yenyewe iko wapi siku hizi, mama?" Akaanza kutusimulia walivyokaa wakiiogopa, nyuso za watu zilivyoharibika. Mtu wa mwisho kuipata mitaani alikuwa Somalia, 1977, na chanjo ndiyo iliyoimaliza. Binti yangu akawa anapita kugusa kovu la kila mmoja. Usiku ule alilala.

Kliniki nilikwenda na binti yangu pia, kadi ya mtoto ameshika yeye. Chanjo ni bure, bajaji ndiyo ilikula kama elfu tatu hivi. Mwambie nesi akutajie jina la chanjo kabla hajachoma, na umuulize nini kitafuata. Mimi nilielezwa homa inaweza kuja baada ya wiki hivi, nikawaambia wote nyumbani siku ileile. Homa ikaja kweli, ikaisha, na voisi za "tuliwaambia" hazikupata pa kuingilia. Dozi ya pili, ya miezi kumi na minane, sikubishana na mtu.