Nilivyohamisha kiota cha kasa kwa ndoo ya kuchotea maji

Niliuona mburuzo kabla jua halijachomoza, mpana kama wa tairi la trekta, umepanda kutoka majini kisha ukarudi. Kasa alikuwa ametaga usiku. Shida ni pale alipochagua: mwani uliotupwa na maji ya jana ulikuwa juu zaidi ya kiota, na bamvua, yale maji makubwa yanayopanda kuliko kawaida, ilikuwa imebakiza siku mbili ifike. Nikiyaacha, mayai yangeoza.

Hapa Mafia tumeshafundishwa. Mayai yahamishwe ndani ya saa chache tangu yatagwe, na yasigeuzwe, maana kijusi kikishajishika kwenye ganda, ukiligeuza yai umekiua. Ila hatukufundishwa kuyapata. Kasa akimaliza hurusha mchanga huku na huko, eneo zima likavurugika.

Nikamfuata mjomba, aliyekuwa akichimba mayai kwa kitoweo tangu ujana wake. Sheria ilikuwapo na hakuijali. Kilichomwachisha ni msiba wa kisiwa cha Panza, Pemba, Machi 2024, nyama ya kasa ilipoua watoto 8 na mtu mzima 1. Wengine wangemkwepa mtu kama huyo. Mimi sikumwona mwingine anayemjua kasa kuliko yeye.

Alikuja na kijiti, akachomachoma mchanga taratibu mpaka kikazama chenyewe.

"Hapa. Ila kwanza kakate kucha, mwanangu."

Kumbe yai la kasa halina ganda gumu. Ni jeupe, la duara, linabonyea kama mpira uliopungua upepo. Tukayatoa moja moja hadi kwenye ndoo yenye mchanga mbichi, nikafunika kwa kanga. Yalikuwa 117.

Shimo jipya nililichimba juu, karibu na vichaka. Mjomba akatia mkono. Kiwiko kikabaki nje.

"Kasa gani huyu, mvivu hivi?"

Nikachimba tena hadi mkono ukazama mpaka begani, chini nikapapanua kama tumbo la mtungi.

Kisha kungoja. Siku ya 56 mchanga ulititia katikati, na usiku ule wakatoka kwa mkupuo, wadogo kama kiganja cha mtoto. Vijana walikuja na taa za simu, nikawafokea wazime, kwa sababu kitoto cha kasa hufuata panapong'aa na kinaweza kuipa bahari mgongo. Kaa waliwakamata wachache. Sikuingilia.

Baada ya siku tatu nilifukua kuhesabu. Maganda matupu 84. Yaliyobaki yalikuwa yamevunda, harufu haikutoka mikononi hadi jioni. Nikamuuliza mjomba kama niliyageuza.

"Hata yasipoguswa na mtu, hayatoki yote."

Labda alikuwa ananituliza tu.

Juzi alinipigia simu saa kumi alfajiri, hata salamu hakutoa. "Kuna mburuzo mwingine. Njoo na ndoo, na kucha zako nitazikagua."