Siku moja maishani mwangu: hakimu wa mahakama ya mwanzo, Muheza

Saa 11 alfajiri. Hukumu naziandikia nyumbani kabla watoto hawajaamka, maana ofisini mlango haupumziki. Ya leo ni mgawanyo wa mali za ndoa: nyumba moja na shamba la michungwa. Mume anashikilia kwamba mke hakutoa hata shilingi. Lakini kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinataja mchango wa fedha, mali au kazi, na mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani nazo ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa sababu ya fedha za mradi alizopewa na mumewe zikapotea. Nikilisoma shauri lile bado linaniuma. Hata hivyo, njia aliyoifyeka wanaipita wanawake wengi hadi leo.

Saa 3 naisoma hukumu. Mke amepata fungu lake. Mume anaomba nakala akate rufaa, nami namwambia ni haki yake, karani atamwandalia.

Mashauri matatu yanaahirishwa, moja kwa sababu mdaiwa hajapata samansi ya kumwita mahakamani. Deni la matenga ya machungwa linaisha haraka: mdaiwa amekiri, atalipa kwa awamu.

Saa 5 linaitwa shauri la mirathi. Bibi mmoja anafungua fundo la khanga mbele yangu, taratibu. Ndani mna cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo uliokunjwa mara nne, na picha ya pasipoti ya marehemu mumewe. Msimamizi wa mirathi ni shemeji yake. Miezi 4 aliyopewa kisheria kurejesha Fomu Na. 5, yaani orodha ya mali na madeni, imepita zamani, na Fomu Na. 6, yaani hesabu ya mirathi, nayo hajaileta. Sehemu ya shamba imeshauzwa.

“Bibi, mbona hukuja mapema?”

“Mheshimiwa, niliambiwa msimamizi ndiye mwenye mali sasa.”

Naandika maneno hayo kwa mkono kwenye mwenendo wa shauri, kama alivyoyatamka. Nimeyasikia tangu nikiwa karani, kabla sijaenda kusoma sheria. Kisha namgeukia shemeji: “Mzee, wewe ni msimamizi. Unakusanya mali, unalipa madeni, unawagawia warithi. Nataka fomu zote mbili, na maelezo ya shamba lile, ndani ya siku 14.” Anaitikia huku anatazama chini.

Mchana ni kusaini nakala na kupanga majalada.

Saa 10 jioni nipo chini ya mwembe na akina mama wa VICOBA, kikundi chao cha kuweka na kukopa. Huwa naenda mara moja kwa mwezi, siyo Wiki ya Sheria peke yake. Leo sikuhitaji kutafuta mada: kuwa msimamizi si kuwa mwenye mali. Nimewachorea fomu zile kwenye karatasi la manila, tukazijaza pamoja kwa familia ya kubuni. Mmoja aliuliza kama mjane anaweza kuteuliwa msimamizi. Anaweza, na kikao cha ukoo kikimpinga, anakuja kueleza mahakamani.

Dada mmoja akaanza kusimulia ugomvi wa kiwanja chao. Nikamkatiza. “Hapo usiendelee, mdogo wangu. Nikisikia upande wako leo, kesho nitamsikilizaje mwenzako?” Nikamwelekeza kwa msaidizi wa kisheria wa kata, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, na huduma yao ni bure. Alinyong’onyea, nami nilirudi nyumbani nikiwa bado naiona sura yake.

Saa 3 usiku nafungua orodha ya kesho. Mirathi ziko nne. Mbili hazina Fomu Na. 5.