Kumbukumbu ya mradi: kura na rangi North Carolina, sehemu ya pili

Natafuta njia ya kukadiria watu wa kila rangi walimpigia nani. Daftari la wapiga kura nimeshalipakua. North Carolina, jimbo la Marekani, hulitoa bure kwa yeyote, na kila jina lina herufi ya rangi kama mwenyewe alivyojaza: B (Mweusi), W (Mzungu), A (Mwasia) na kadhalika. U ni wale ambao hawakujaza, na ni wengi kuliko nilivyotegemea.

Nimechagua jimbo hili kwa sababu kesi ya Thornburg dhidi ya Gingles ilitokea hapa. Mahakama ya Juu ya Marekani iliiamua mwaka 1986. Tangu hapo, anayedai kwamba mipaka ya majimbo ya uchaguzi imezipunguzia nguvu kura za Weusi huonyesha, pamoja na mengine, kwamba Weusi hupiga kura kwa kauli moja, na kwamba Wazungu kwa wingi wao kwa kawaida humwangusha mgombea wanayemtaka Weusi. Sasa, kura ni siri. Kituo cha kupigia kura kina watu wa rangi gani tunajua, mgombea kapata ngapi tunajua. Nani kampa nani, hapo ndipo penye kazi.

Nimeanza na njia ya mipaka ya Duncan na Davis (1953), yaani kutafuta kiwango cha chini na cha juu kabisa kinachowezekana, maana haidhanii chochote. Chukua kituo cha kubuni: wamepiga kura 1,000, Weusi 700, Wazungu 300, mgombea kapata 600. Hata Wazungu wote wakimpa, 300 lazima zitoke kwa Weusi; wasipompa hata mmoja, zote 600 ni za Weusi. Basi Weusi waliompa ni kati ya asilimia 43 na 86. Na Wazungu? Kati ya 0 na 100. Hatujaambiwa kitu! Weusi wakiwa 950 na kura zake 900, mipaka yao inabana: 89 hadi 95. Ndiyo maana vituo vya karibu rangi moja hupendwa mahakamani, ingawa Mweusi wa mtaa wa Weusi watupu si lazima apige kura kama wa mtaa mchanganyiko.

Regresheni ya Goodman, ya mwaka huohuo 1953, hupitisha mstari katikati ya vituo vyote na kusoma ncha zake mbili: penye Weusi asilimia 0 na penye Weusi asilimia 100. Ni rahisi, lakini inachukulia kwamba tabia ya kundi haibadiliki kufuatana na kituo. Ndipo unapoweza kuambiwa asilimia 104 ya Weusi walimchagua fulani. Mwanasayansi ya siasa Gary King (1997) aliunganisha mstari na mipaka, upuuzi huo ukazuiwa.

Jaribio langu ni hili. Nani alimpigia nani ni siri, ila nani *alijitokeza* imeandikwa kwa jina kwenye faili la historia ya upigaji kura. Kwa hiyo naficha rangi za waliojitokeza, nazipa njia za Goodman na King jumla za vituo tu zikadirie wangapi wa kila rangi walijitokeza, kisha nafunua jibu. Njia ikishindwa hapa, sioni kwa nini niiamini kule gizani, kwenye kura ya siri. Ikifaulu, bado si hati ya kwamba itafaulu kule.

Faida nyingine: naepuka faili la matokeo, ambalo limechanganya vituo vya kawaida na mistari ya kura za mapema na za posta. Kulisafisha kunachosha mno.

Nitaanza na Bertie, kaunti yenye Weusi wengi, kisha Mecklenburg, yenye jiji la Charlotte. Hao wa U nitawaacha kundi lao peke yao. Kubahatisha rangi kwa jina la ukoo sitaki kwa sasa.