Dripu ya ndege: ustaafu wangu nyuma ya nyumba

Mtumishi akikaribia miaka 60, ushauri humjia kutoka kila upande. Fuga kuku wa mayai. Nunua bodaboda, mpe kijana akuletee hesabu kila jioni. Jenga vyumba vya kupangisha. Sina ubishi na aliyefanya hivyo, na wenzangu kadhaa wanaishi vizuri kwa kodi za vyumba vyao. Ila ushauri wote huo ni wa pesa. Hakuna aliyewahi kuniambia nitafanya nini saa nne asubuhi siku ya Jumanne, vyombo vimeshaoshwa, wajukuu wako shule na mwili bado una nguvu. Mimi nilikuwa muuguzi, sehemu kubwa ya kazi yangu nikiwa wodi ya wazazi, na saa nne ilinikuta nimesimama siku zote. Kwa hiyo naandika haya kwa wanaoukaribia ustaafu: habari za uwanja wa nyuma, maji, ndege, vyura na nyuki wadogo, na jinsi nilivyovipata vyote hivyo kwa pensheni ya kawaida.

Nyumba yetu iko Bigwa, Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Kiwanja si kikubwa. Nyuma kulikuwa na mwembe, mpera, migomba michache kando ya karo, na ardhi tupu iliyofagiliwa kila asubuhi. Nilitoka Dar es Salaam, ambako ndege niliyemzoea ni kunguru mwenye shingo ya kijivu. Asili yake ni India. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale taka, kisha akazagaa mpaka bara. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, kwa hiyo alipojaa yeye, ndege wadogo hupungua. Bigwa nilisikia sauti nyingi za ndege alfajiri, lakini zote zilitoka bondeni na kwa jirani. Kwangu hawakushuka.

Jirani huyo ni mzee aliyezaliwa hapahapa. Siku moja baada ya kumwamkia nikamuuliza kwa nini ndege wote wanaishia kwake.

"Mama, kwako hakuna maji na hakuna majani," akanijibu. "Ndege aje kufanya nini?"

Nilianza na maji, na leo mtu akiniuliza aanze na nini, namjibu hivyohivyo. Mti utausubiri miaka. Maji yanafanya kazi wiki hiyohiyo, hasa kiangazi. Huku kwetu masika yakikatika mwishoni mwa Mei, ardhi inakauka polepole mpaka vuli ije, na kufikia Septemba vijito vidogo vinakuwa mchanga mtupu. Ndege wa wakati huo hahitaji chakula chako, anahitaji kunywa na kuoga.

Chombo chenyewe ni rahisi: sahani pana ya udongo, ile inayowekwa chini ya chungu cha maua. Kina chake kisizidi urefu wa kidole, maana ndege wengi wadogo hawaingii penye kina. Ndani niliweka mawe mawili ya mtoni ili wapate pa kusimama. Sahani niliiweka juu ya kigogo, hatua chache kutoka kwenye kichaka. Hapo pana hesabu yake. Ikiwa mbali sana na kichaka, ndege anaogopa mwewe, na ikiwa karibu sana, paka anajificha humo. Hatua tatu au nne zinatosha ndege kumwona paka akichomoka na kuruka.

Kilichobadilisha mambo kabisa ni dripu. Ndege husikia maji yanayodondoka kabla hajayaona. Nilinunua seti ya dripu duka la dawa, nikaichomeka kwenye chupa ya maji ya lita 5, nikaining'iniza tawini juu ya sahani na kutoboa tundu dogo juu ya chupa ili hewa iingie. Kwa seti ya kawaida, matone 20 ni mililita 1. Nikifungua gurudumu lake mpaka nipate matone 20 kwa dakika, nimetumia mililita 60 kwa saa, yaani kama lita moja na nusu kwa usiku na mchana. Chupa inakaa siku tatu. Mikono yangu ilishazoea kupima matone kwa saa ya ukutani, na nilifurahi sana kuona ujuzi ule haukuishia wodini.

Wa kwanza kuja walikuwa shore, wale wenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia. Hawana hofu na wanapiga kelele, na kelele zao huwaambia wengine. Wakafuata tetere, kwera, kisha kundi la kuzumburu na mikia yao mirefu, wanaoning'inia matawini kifua kikielekea jua la asubuhi. Kuzumburu wanakula mapapai, nalijua hilo. Nimewaachia papai moja la juu kabisa, mengine nayafunika kwa mfuko wa nyavu mapema, na tunaishi.

Chozi ndiye ninayempenda kuliko wote, na yeye sikumwita kwa maji bali kwa maua. Kaskazini mwa ukuta nilipanda safu ya shubiri. Shubiri inavumilia ukame na inachanua kiangazi, wakati maua mengine yamekauka. Migomba nayo inasaidia, maana ua la mgomba lina asali ya kutosha na chozi anajua kulifunua. Huku kwangu anakuja yule dume mweusi mwenye kidari chekundu. Jike lake ni la kahawia, na ndilo linalofuma kiota kwa nyuzi za buibui na majani makavu, likakining'iniza tawini. Juu kabisa msituni kuna chozi mwingine, wa Loveridge, ambaye duniani kote hapatikani ila kwenye milima hii ya Uluguru. Huyo hashuki kwangu, anakaa kwenye ubaridi wake. Lakini kujua kwamba yuko pale juu, kwenye msitu uliotangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, kunanifanya niutazame ule mlima kwa heshima kila nikitoka nje.

Sasa mbu. Nimelaza watoto wengi wenye malaria, kwa hiyo kwa hili sina mzaha. Mbu akitaga kwenye maji, yai mpaka mbu kamili huchukua wiki moja hadi mbili kutegemea joto. Sahani naimwaga na kuisugua kila baada ya siku mbili, kwa brashi na maji matupu bila sabuni. Ukifanya hivyo hakuna kiluwiluwi cha mbu atakayewahi kukua. Usipoweza kuahidi kazi hiyo, usiweke maji.

Bwawa lilikuja baadaye, na ndilo lililonipa kazi nzuri zaidi ya mikono. Ni dogo, upana hatua tatu, kina cha goti. Kijana wa mtaani alichimba, nami nikachanganya zege naye. Upande mmoja niliuacha na mteremko mpana wenye mawe, ili mjusi au kifaranga akitumbukia aweze kupanda. Maji yanatoka kwenye bati. Hesabu ya mvua ni nyepesi: milimita moja ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa langu la nyuma lina kama mita 50 za mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 20, ambayo masika ni ya kawaida, inaleta karibu lita 1,000. Inajaza simtanki kwanza, ziada inaingia bwawani. Humo nimeweka perege wadogo na wanawamaliza viluwiluwi wa mbu. Bado kila jioni nachungulia kwa tochi kuhakikisha.

Masika ya kwanza ya bwawa nilikuta povu jeupe limeshika kwenye tawi la mpera linaloinamia maji. Nikadhani kuna mtu amemwaga kitu. Mzee wangu jirani akaja, akalitazama, akaniambia ni la chura wa mitini na nisiliguse. Ni kweli. Vyura hawa, wa kijivu na wepesi wa kupanda, hukusanyika usiku tawini juu ya maji, jike anatoa majimaji na wao wanayapiga kwa miguu ya nyuma mpaka yanakuwa povu zito. Mayai yamo ndani. Nje povu linakauka na kuwa gamba, ndani linabaki na unyevu. Baada ya siku kadhaa chini yake hulainika, na watoto wanadondoka majini mmoja mmoja. Niliketi kwenye kigoda karibu asubuhi nzima nikiwatazama wakidondoka. Nimepokea watoto wengi maishani, na sikuwahi kufikiri kuna kiumbe anayezaliwa kwa kuanguka kutoka juu ya mti. Perege waliwala baadhi, ila kona ya mawe ilikuwa na nafasi za kujificha, na wengi walifika kuota miguu.

Majani makavu ndiyo yaliyoleta mjadala nyumbani. Sisi tumelelewa kwamba uwanja usiofagiliwa ni aibu ya mwenye nyumba, na hofu ya nyoka si ya kubeza. Mume wangu alisema wazi kwamba hatalala nyumba iliyozungukwa na majani. Tukakubaliana hivi: mbele na pande zote za nyumba panafagiliwa kila siku, nyasi fupi, kuni na matofali yako mbali na ukuta. Kona ya nyuma tu, ng'ambo ya bwawa, ndiyo inaachwa. Majani yote ya uwanja yanapelekwa huko. Mengine nayapanga tabaka kwa tabaka na maganda ya jikoni na mbolea ya mbuzi, nayamwagia maji, nayageuza, yanakuwa mboji ya mchicha wangu. Mengine nayaacha yalivyo. Ndani yake kumejaa jongoo, minyoo na mende wa porini, na kwa sababu ya hao wanakuja ndege wanaochakura chini. Nguchiro pia wanapita alasiri, mama na wanawe kwa mstari. Vifaranga wa kuku lazima wawe bandani saa hizo.

Usiku ni zamu ya komba. Anakuja wakati wa mapera, na kilio chake kinafanana na cha mtoto mchanga kiasi kwamba mara ya kwanza niliamka na kuvaa viatu.

Kulikuwa na shida ya manati. Vijana watatu wa mtaani walishagundua kuwa ndege wanakusanyika kwangu, nikawakuta nje ya uzio wakilenga. Kufokea watoto kunawafundisha kuja ukiwa umelala. Nikawaita.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Njooni ndani, ila manati zikae getini."

Nikawakalisha kwenye mkeka, nikawapa mapera, nikawaambia wakikaa kimya wataona kitu. Shore wakaja. Kisha dume la chozi likatua kwenye shubiri, jua likalipiga kidarini. Mdogo wao akanong'ona, "Bibi, kumbe ni mwekundu hivi!" Siku zote alikuwa amemwona kwa mbali, mweusi tu. Niliwapa daftari wachore kila ndege wanayemwona na kuandika jina kwa Kiluguru kama wanavyosikia kwa bibi zao. Sasa wao ndio walinzi, na daftari lina majina ambayo mimi siyajui.

Kazi yangu ya karibuni ni nyuki wadogo, wale wasiouma. Mzee jirani alipasua gogo la kuni akakuta wamo, akalifunga haraka kwa kamba na kuniletea usiku, wakati wote wamesharudi ndani. Seremala akanitengenezea kisanduku kidogo cha mbao nene, tukakiweka chini ya upenu wa jiko. Mlango wao ni kibomba chembamba cha nta na utomvu wanachokijenga wenyewe. Adui mkubwa ni sisimizi, kwa hiyo miguu minne ya meza yao imesimama kwenye makopo yenye oili chafu, na oili inaongezwa kila inapopungua. Asali hawaiweki kwenye sega, bali kwenye vifuko vidogo vya duara. Naivuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kifuko kimoja kimoja, bila kuharibu watoto wao. Inapatikana kidogo sana, ni nyepesi na ina uchachu, na huchacha upesi usipoiweka kwenye friji. Nusu ya vifuko nawaachia, maana kiangazi ni kirefu kwao pia.

Mzinga umejaa. Tutaugawa mwezi Juni, mvua zikishakatika na maua yakiwa bado mengi: nitachukua sehemu ya vifuko vya watoto, vikiwemo vile vikubwa vinavyolea malkia, na kuvihamishia kwenye kisanduku kipya. Hicho ni cha mzee jirani. Ameshachagua mahali, chini ya mkwaju wake, na jana alikuja kuniuliza anunue nini. Nimemwambia aanze na makopo manne na oili chafu.